Jaji wa Rufaa na Mji wa Kings Heath

Nina rafiki aliyenyang'anywa mji mzima Jumamosi moja alasiri, na siku hiyo hiyo akalala mumo humo mjini, kitandani pake, bila kuhamisha hata kijiko. Ni nini hicho? Msijisumbue. Sisi tuliokuwepo pia kilitushinda, mpaka tukalazimika kutafuta jaji.

Hapo ni Birmingham, mwaka wa sabini na tatu. Sisi watu wa Afrika Mashariki tulikuwa na vyama vitatu. Kings Heath walikuwa na chao, kilichojaa wauguzi. Hodge Hill walikuwa na chao, cha watu wa mabasi na wake zao. Na sisi wa Alum Rock tulikuwa na chetu, mchanganyiko wa Wakamba, Masingasinga, Wahindi wa Mombasa, na mtu yeyote aliyefuata harufu ya bajia akasahau kurudi kwao. Vyama hivyo vikaungana vikawa Shirikisho. Shirikisho lilikuwa na katiba, mwenyekiti, mhuri wa mpira na birika moja kubwa la chai, na kazi yake ilikuwa moja tu: vitendawili, kila Jumamosi alasiri, ndani ya ukumbi wa kanisa.

Msicheke. Mtu akihamia kwenye baridi hushika alichonacho. Sisi tulipofungua masanduku tulikuta tumebeba vitendawili.

Mchezo mnaujua. Ukitegewa ukashindwa, unaombwa mji. Unatoa mji, mwenzako anauzuru kwa maneno, anakula na kunywa huko, kisha anakurudia na jibu. Lakini Shirikisho lilikuwa na sheria yake: mji ukishatolewa umekwenda, haurudi tena. Sheria hiyo aliileta Bwana Kishore, mwenyekiti wetu, mwenye duka la vyakula pale Alum Rock. Alizaliwa Mombasa, akanyonya vitendawili pamoja na maziwa, na hakuna aliyemweza. Kufikia Novemba alikuwa na Lamu, Tanga, Bagamoyo, Kitui, Embu, na Mwanza pamoja na samaki wake wote. Alikuwa akipima mchele dukani kama sultani anayewagawia raia.

Basi Jumamosi hiyo akamgeukia Zilpah wa Hodge Hill, mwanamke mwenye ulimi usiopoa.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina ng'ombe nyumbani, hali majani, hula sarafu. Akishiba, naota moto. Akiwa na njaa, nalala na koti."

Zilpah akafikiri. "Mume!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko, isipokuwa Alfayo, mume wake, ambaye alikuwa amekaa hapo hapo karibu naye akila sambusa.

"Siyo mume," akasema Kishore. "Nipe mji."

"Haya, Nairobi."

"Nairobi ilikwenda Februari."

"Kericho."

"Ninayo."

"Kigoma, basi!"

"Kigoma nilipewa juzi na mumeo, hata hakubisha."

Zilpah alimtazama Alfayo kwa jicho ambalo sitalieleza hapa. Kisha akarusha mikono juu. "Wewe mwanamume umemaliza bara zima! Chukua Kings Heath, uende nayo!"

Kishore alifungua kiganja, kama mtu aliyetiwa kitu kizito mkononi. Halafu akatabasamu mpaka masikioni. "Nilikwenda Kings Heath, nikapanda barabara yao yenye maduka, nikala, nikanywa, wakanisindikiza kwa ngoma, nikarudi. Jibu ni mita ya gesi."

Zilpah alijipiga paji la uso. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameilisha mita yake sarafu, ndipo gesi ikawaka.

Ingeishia hapo kama Kishore angekuwa mtu wa kuishia mahali. Jumatatu alifunga duka mapema, akavaa suti ya arusi, akapanda mabasi mawili mpaka Kings Heath. Akapita barabarani taratibu, mikono nyuma. Akaminya nyanya za watu na kutikisa kichwa. Akamwambia muuza nyama afagie mbele ya mlango. Yule Mwingereza, kwa kutojua afanye nini, akafagia. Kisha Kishore akasimama nje ya nyumba ya Sista Magdalene.

Sista Magdalene alikuwa mkuu wa wodi hospitalini, mwanamke mrefu, mnyofu, ambaye wagonjwa walipona haraka ili wasimkasirishe. Alikuwa ametoka kazini, miguu imo ndani ya beseni la maji moto, alipoona kofia ya Kishore ikipita dirishani.

"Sista! Mapazia hayo siyapendi!"

"Nani kakuuliza?"

"Mwenye mji haulizwi. Nataka Kings Heath yangu iwe na sura."

Wiki ya kwanza Magdalene alicheka. Wiki ya pili Kishore aliwaambia watu ukumbini, "Mnamwona yule? Raia wangu," na Magdalene hakucheka sana. Wiki ya tatu mwenye mji aliagiza apelekewe sahani ya pilau kama heshima ya kila mwezi. Hapo Magdalene akainuka, akamshitaki Zilpah: kwa nini mtu wa Hodge Hill agawe Kings Heath, mahali ambapo hata hana mwavuli aliousahau?

Kwa kuwa mshtakiwa alikuwa wa Hodge Hill, kesi ilikwenda kwa hakimu wa Hodge Hill. Na hakimu wa Hodge Hill alikuwa nani? Alfayo, yule yule wa sambusa.

Alfayo alikuwa kondakta wa basi, msomaji mkubwa wa magazeti ya abiria. Alisikiliza kesi akiwa amesimama, maana ndivyo alivyozoea. Kisha akatoa hukumu: "Mji wa kitendawili hutoka mdomoni. Mdomo uliotoa mji huu ni wa mke wangu, na mimi naishi na mdomo huo. Kesi imetupwa. Songeni ndani, tafadhali."

"Nakata rufaa," akasema Magdalene.

Alfayo alichukua katiba akaigeuza mbele na nyuma. Ilikuwa karatasi moja. Upande wa kwanza ulitaja mahakimu watatu, wa vyama vitatu. Upande wa pili ulikuwa na mapishi ya achari.

"Rufaa haimo," akasema.

"Basi itiwe," akasema Magdalene. "La sivyo wauguzi wote wanatoka kwenye Shirikisho, na birika tunaondoka nalo. Ni letu."

Birika lilikuwa lao kweli. Ndivyo Shirikisho lilivyoamua, kwa kura za wote, kwamba litakuwa na Jaji wa Rufaa, mkubwa juu ya mahakimu wote. Na jina lililotajwa lilikuwa moja tu, la jirani yangu Gurnam Singh.

Sasa niwaeleze kazi aliyokwisha kuifanya mtu huyu, maana cheo hakikumwangukia bure.

Gurnam alikuwa stesheni masta wa Makindu kwa miaka mingi. Treni ya Mombasa ilimwinamia. Mwaka wa sitini na nane alikuja huku na mkewe Jasbir, akaingia kiwandani kufunga boliti za magari, mpaka mgongo ukamgomea, akabaki nyumbani. Uamuzi alianza na mandazi. Sikukuu ya Pasaka tulimpa sahani aonje aseme ya nani ni bora. Akaonja, akafunga macho, akaonja tena, akala yote, kisha akasema ushahidi hautoshi, yaletwe mengine. Baadaye akapewa mpira, makondakta dhidi ya watu wa kiwandani. Alikuja na filimbi yake ya reli na bendera zake mbili, nyekundu na kijani. Makondakta walipofunga goli alilikataa. Wakamzunguka wakipiga kelele. "Limekuja mapema," akawaambia. "Sikuwa nimelifungulia njia."

Kutoka hapo akawa hakimu wa vitendawili wa Alum Rock. Hakuwahi kutega wala kutegua. Alikaa kitini na koti lake la stesheni, vifungo vinang'aa, akisikiliza majibu kwa mshangao kama mtoto. Alikuwa mwadilifu kwa sababu moja nzuri: majibu hakuyajua kabisa. Na alikuwa mzito wa kuamua. Mkimpa jambo dogo, chai ilipoa, ikapashwa, ikapoa.

Mimi nilitaka apate ujaji kwa ajili ya Jasbir.

Jasbir alikuja kwangu siku mbili kabla ya mumewe kuhojiwa na kamati ya uteuzi, akakaa jikoni pangu, akaweka kichwa mezani.

"Dada, naomba nikae hapa kidogo. Kwako hakuna filimbi."

"Filimbi gani, Mama Charanjit?"

"Hujui? Tangu atoke kazini amelifanya jiko langu stesheni. Nikitaka kuingia, nangoja bendera ya kijani. Nikitoa chapati mapema, ananirudisha nayo. Jana dengu zilichelewa, akatoka mpaka chumba cha mbele akawatangazia wageni wote."

"Mlikuwa na wageni?"

"Hapana! Chumba kitupu! Akatangaza tu, akaomba radhi kwa usumbufu." Akafuta macho kwa ncha ya shela, na mimi nikauma ulimi ili nisicheke. "Dada, yeye si mbaya. Ni mtu mkubwa aliyekosa mahali pa kuwekea ukubwa. Jumamosi akikaa kwenye kile kiti, wiki nzima inayofuata ni mtulivu kidogo. Akiwa Jaji wa Rufaa, atakuwa na kesi za kufikiria, ataniachia sufuria zangu. Lakini wakimkataa, nakwambia, wakimkataa mbele za watu, atarudi jikoni moja kwa moja, na hatatoka tena. Mimi nitakufa nikisubiri bendera."

Nikamwahidi nitakuwepo. Zaidi ya hapo sikuwa na uwezo, mimi si mjumbe.

Jumamosi ikafika. Kamati ya uteuzi ilikuwa na watu watatu: Kishore, ambaye ndiye aliyekuwa na mji, Magdalene, ambaye ndiye aliyekuwa akiudai, na Alfayo, ambaye hukumu yake ndiyo iliyokuwa ikikatiwa rufaa. Zilpah alisema hiyo si haki. Alfayo akamwambia uonevu ukiwa wa pande zote unalingana.

Gurnam akaja na koti lake la stesheni, kilemba cheupe kilichofungwa asubuhi nzima, ndevu zimechanwa. Jasbir alikaa nami safu ya nyuma. Alikuwa ameushika mkono wangu, na mkono wangu haukuwa ukipata damu.

Kishore akaanza. "Bwana Singh, umewahi kupokea chakula kutoka upande wowote wa kesi hii?"

Gurnam akafikiri. Akatazama dari. Mtoto mmoja akamwuliza mamaye kwa Kiingereza kama yule mzee amelala.

"Ndiyo," akasema mwisho. "Kutoka pande zote. Achari ya Bwana Kishore ina chumvi. Chapati za Zilpah ni nzuri. Sista Magdalene alinipa supu nilipoumwa mgongo. Ilikuwa mbaya, lakini nilipona."

"Nilikusudia upone, si ufurahi," akasema Magdalene.

Alfayo akakohoa. "Majaji wa Uingereza huvaa nywele za bandia. Wewe utavaa nini?"

Gurnam akagusa kilemba chake taratibu. "Bwana Alfayo, ukiweka nywele za majaji wote wa Uingereza chini na hiki juu, bado ni hiki kinachoonekana."

Watu wakapiga makofi. Jasbir akalegeza mkono wangu. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, na hapo ndipo Alfayo, ambaye hakupenda rufaa wala harufu yake, akasimama.

"Nina pingamizi. Tangu nimjue mtu huyu hajategua kitendawili hata kimoja. Itakuwaje mkubwa wa mahakimu wa vitendawili asijue kutegua? Ategewe kimoja hapa hapa. Akitegua, namuunga mkono. Akishindwa, aende nyumbani."

Jasbir akashika tena mkono wangu, na safari hii akaongeza kucha.

Kishore akafungua kinywa, lakini Magdalene alimwahi. Alimtaka Gurnam. Hakujua jaji mwingine ambaye angemsikiliza mpaka mwisho, hata kama mwisho ungefika Machi. Kwa hiyo akachagua chepesi, chepesi kuliko vyote, kitendawili ambacho mtu huyu hangeweza kukikosa hata akiwa usingizini.

"Kitendawili," akasema kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa.

"Tega," akasema Gurnam.

"Nina ngazi ndefu, imelazwa chini. Haipandi juu, lakini inakufikisha mbali."

Ukumbi wote ukashusha pumzi. Reli! Mtu aliyeishi juu ya reli, aliyeamshwa na reli, aliyelishwa na reli! Tukamtabasamia.

Gurnam akafikiri.

"Imelazwa chini," akasema.

"Chini," akasema Magdalene.

"Na ni ndefu."

"Ndefu sana. Toka Mombasa," akasema Magdalene, jambo ambalo halikuruhusiwa.

Safu ya mbele wakaanza kusema kwa midomo bila sauti: re-li, re-li. Zilpah akazungusha mikono ubavuni kama magurudumu ya gari moshi. Mtu fulani, nadhani ni mimi, akasema "Puuu." Gurnam akatutazama kwa huruma, kama tuliopatwa na ugonjwa, kisha uso wake ukang'aa.

"Nimejua! Ni ngazi ya mpaka rangi. Amekwenda kula chakula cha mchana, ameiacha chini."

Hakuna aliyecheka. Jasbir alijifunika uso kwa shela yote.

"Siyo," akasema Magdalene, karibu alie. "Nipe mji, Bwana Singh."

"Sawa. Nakupa Machakos."

"Imekwenda," akasema Kishore.

"Voi."

"Imekwenda."

Gurnam akavuta pumzi ndefu. Ilionekana inamuuma. "Basi nakupa Makindu."

"Makindu ninayo mimi tangu Juni," akasema Kishore.

Gurnam akasimama wima. "Makindu yangu?"

"Nilipewa na Zilpah kwa kitendawili cha yai."

"Makindu iliondoka tangu Juni na hakuna aliyeniambia mimi?" Akakaa tena polepole. Halafu, kama mtu anayejipapasa mifukoni na kukuta kimebaki kitu kimoja, akasema, "Mahali ninapoishi je, pamebaki? Alum Rock?"

Alfayo akatazama orodha ya miji iliyotolewa. "Alum Rock ipo. Haijatolewa."

"Basi, Sista, nakupa Alum Rock."

Magdalene akafungua mdomo amalize mchezo, aende Alum Rock, ale, anywe, arudi na reli yake. Hakuwahi. Kishore aliruka na kiti chake.

"Alum Rock? Na duka langu limo humo! Na mimi nimo humo! Utamgawiaje mtu mahali pa wenzako bila kuwauliza? Wewe umekuwa nani? Mdomo wako tu ndio uhamishe duka la mtu? Hii ni sheria ya wapi?"

Akaendelea hivyo mpaka alipogundua kwamba anaongea peke yake. Watu wote walikuwa wakimtazama, na Sista Magdalene alikuwa amekunja mikono, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mapazia.

"Rudia hapo pa wenzako," akasema Magdalene.

Kishore akakaa.

"Bwana Kishore," akasema Zilpah akifuta machozi ya kicheko, "umeikata rufaa, umeisikiliza, na umeihukumu. Pilau uliyoagiza ule sasa na nani?"

"Mimi nilikuwa nasema tu," akasema Kishore.

"Nataka achari ya kila mwezi," akasema Magdalene. "Na lile bango lako la mlangoni silipendi. Nataka Alum Rock yangu iwe na sura."

Haikuchukua muda. Kishore akairudisha Kings Heath, Magdalene akairudisha Alum Rock, wakapeana mikono juu ya sambusa, na watu wakashangilia. Gurnam peke yake aligeuza kichwa huku na huku akiuliza kumetokea nini. Hakuna aliyemjibu kwa sababu kila mtu alikuwa akicheka.

Kisha Alfayo akagonga meza. "Wapendwa, rufaa imekwisha. Na kama rufaa imekwisha, jaji wa nini? Tena ameshindwa na reli. Nashauri tufunge jambo hili, tunywe chai."

"Ndiyo, chai!" watu wakasema. Hawakuwa na ubaya. Kiu ilikuwa imewashika.

Nikamwona Gurnam akisimama. Alianza kufungua vifungo vya koti la stesheni, kimoja kimoja, kutoka juu, kwa uangalifu, kama mtu anayevua kitu ambacho hatakivaa tena.

Jasbir naye akaona. Sasa mjue, kwa miaka yote ya Shirikisho mama huyu hakuwahi kusema mbele za watu. Alikuja, akakaa, akagawa bajia, akaondoka. Aliuachia mkono wangu, akapanda juu ya kiti, na shela ikamwanguka mabegani.

"Na Makindu?" akasema.

Vikombe vikasimama njiani.

"Nauliza. Kings Heath imerudi kwa sababu mtu wa Hodge Hill hawezi kuitoa. Sawa. Zilpah ni mtu wa Makindu?"

"Mimi ni wa Siaya," akasema Zilpah.

"Basi nani alikupa ruhusa utoe Makindu? Mimi nimezaa watoto wangu Makindu. Nakata rufaa!"

Kisha mzee mmoja nyuma akasema polepole, kama anayeamka, "Hivi... Machakos aliitoa nani?"

"Alfayo," mtu akajibu.

"Alfayo! Mama yangu yuko Machakos!"

"Na Kericho? Nani aliitoa Kericho?"

"Aliyetoa Siaya ajitokeze!" akapaza Zilpah, akisahau kabisa kwamba yeye mwenyewe alikuwa amegawa nusu ya reli ya Uganda.

Jamani, ulikuwa mchafuko. Watu waliokuwa wamepigania sambusa moja sasa walipigania mikoa. Muuguzi mmoja wa Embu alimshika kondakta tai. Mimi mwenyewe, mtu mzima, nilijikuta nimesimama nikidai Kitui kwa kilio. Na wote, kila mmoja na mji wake, walikuwa wamemwelekea mtu mmoja, maana nani alikuwa nayo miji hiyo yote? Bwana Kishore alikuwa ameegemea ukuta, akilinda kichwa kwa sinia ya bajia.

"Jaji!" akapiga kelele. "Shirikisho hili halina jaji? Mtu hawezi kuuawa bila jaji! Naomba Bwana Singh ateuliwe! Naomba ateuliwe upesi!"

"Namuunga mkono!" akasema Alfayo, aliyekuwa chini ya meza na mzee wa Machakos.

Gurnam alikuwa amefikia kifungo cha mwisho. Akavifunga tena vyote, kutoka chini kwenda juu, bila haraka. Akatoa filimbi mfukoni, akaipuliza mpaka vioo vya kanisa vikaitikia. Kila mtu akaganda alipo.

"Ya Makindu nitampa mwingine aisikilize, mimi nina upande," akasema. "Zilizobaki zitasikilizwa moja baada ya nyingine. Hakuna anayeondoka kabla ya kufunguliwa njia."

Tulimwapisha hapo hapo. Kuhusu kitabu cha kuapia tulishindwana, maana kila mtu alikuwa na chake, kwa hiyo tukamwambia aweke mkono juu ya kitu kilichotuunganisha sote. Akauweka juu ya birika la chai. Lilikuwa linachemka. "NAAPA!" akasema, kwa sauti ambayo hakuna aliyeitilia shaka.

Mahakama ya Rufaa ilipaswa kukaa ukumbini baada ya mwaka mpya. Lakini mnakumbuka Januari ile, serikali ilivyobana umeme kwa sababu ya uhaba wa makaa ya mawe, viwanda vikafunguliwa siku tatu tu kwa wiki. Kanisa nalo likafunga ukumbi. Jaji akatafuta mahali penye joto. Mahali penye joto palikuwa pamoja tu, penye jiko la gesi.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda kumwona Jasbir nikakuta watu wamepanga foleni kutoka mlango wa mbele mpaka jikoni. Kesi ya Lamu ilikuwa imekaa juu ya pipa la unga. Kishore alikuwa ametiwa pembeni, kati ya jokofu na ukuta, na miji yake yote. Gurnam alikuwa kichwani mwa meza, macho amefumba, akiwafikiria watu wa Mombasa, ambao ndio kwanza walikuwa wameanza kueleza.

Jasbir alisimama katikati na mwiko mkononi, akizungukwa pande zote. Nilimwonea huruma. Mwanamke aliyetaka jiko lake, na sasa ameletewa mahakama nzima ndani yake!

Akanitazama. Akawatazama wale watu. Akamtazama mumewe, ambaye alikuwa amepoa, ametulia, na wala hakujua kama mkewe yumo chumbani. Nikaona kitu kinapita usoni pake, kama mtu aliyetegua. Akamkabidhi mwiko Alfayo, aliyekuwa amesimama karibu na jiko.

"Koroga dengu," akamwambia. "Zisiungue."

Akavaa koti, akachukua mkoba, tukatoka. Hakuna aliyemzuia.

Tulipanda mabasi mawili mpaka Kings Heath. Tukatembea barabara nzima ya maduka, tukiminya nyanya kwa raha zetu, kisha tukaingia mahali pa chai palipokuwa na mshumaa kila meza kwa kuwa umeme ulikuwa umekatwa. Akaagiza keki iliyookwa na mtu asiyemjua. Akavua viatu chini ya meza. Akala kipande kimoja kimoja.

Giza lilipoanza kuingia nikamwuliza kama si vizuri turudi.

"Leo ni Mombasa tu," akasema Jasbir, akisogeza mshumaa ili aione vizuri orodha ya keki. "Na mume wangu hana haraka. Wewe utakula ya limau?"